Sanduku la Nta

Nilifika Singida mara ya kwanza nikiwa nyuma ya pikapu, nimeikumbatia mizinga ya nyuki ili isigongane. Kabla ya pikapu hiyo nilikuwa nimepanda lori la mbao kutoka Chunya, safari ambayo nilishaacha kuhesabu siku zake, maana springi ilikatika katikati ya pori la Rungwa na tukakaa pale tukipigana na mbung'o hadi dereva alipoletewa nyingine na lori lililopita. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimemaliza kidato cha nne, nimeshakaa miji mitatu bila kukaa. Mapajani nilikuwa nimepakata bodi kuu ya kompyuta, ile ambayo vifaa vingine vyote huchomekwa juu yake, nimeiviringisha kwenye sweta. Dereva alikuwa akiitazama tangu tulipoondoka. "Hicho unachokipakata kama kichanga ni kitu gani?" aliniuliza mwishowe. Nikamwambia ni kompyuta. Akatafuta kioo, akatafuta vitufe, hakuona. "Basi bado, mdogo wangu. Hiyo ni sawa na mimi nishike usukani niseme nina lori." Tandiboi wake alicheka mpaka Itigi.

Mbao zile zilishushwa Mkiwa, na safari yangu ikaishia hapo zilipoishia mbao. Aliyekuja kuzichukua alikuwa mzee mfupi, kofia ya sufu kichwani juani, akigombana na kila mtu kuhusu unyevu wa mbao zake. Pikapu aliyoikodi ilikuwa tayari imepakia mizinga mibovu ya kutengenezwa. Nilimwamkia, shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama, nikamwomba lifti hadi Singida mjini. "Una mikono?" aliniuliza. "Ninayo, mzee." "Basi panda nyuma, ishike mizinga. Ukiniharibia hata mmoja utateremkia Ikungi." Huyo ndiye Mzee Samweli, fundi wa mizinga wa Utemini. Nilimshikia mizinga yake, sikuteremkia Ikungi, na jioni ile nilikuwa nimepanga chumba cha uani kwake.

Mwaka huu binti yake, Eliza, alinipigia simu. Nilikuwa Kigoma, kabla ya hapo Lindi, kabla ya hapo nisipopakumbuka vizuri. "Kaka Chunya," alisema, na kabla hajaendelea nilijua, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuniita Chunya isipokuwa katika nyumba ile, na hakuna aliyekuwa ameniita hivyo kwa miaka mingi. "Baba ametutoka." Nilifika kaburi likiwa limeshafukiwa. Walinipa kulala chumba kilekile. Misumari niliyoning'inizia waya ilikuwa bado ukutani, imepakwa chokaa pamoja na ukuta, na nilipolala nikasikia upande wa pili wa ukuta watu wakizungumza chini chini kama zamani. Ukuta ule haujawahi kuficha kitu. Upande wangu kilikuwa chumba cha mpangaji, upande wao ndipo walipokuwa wakila, na mwaka mzima nilioishi pale nilisikia kila walichosema, isipokuwa wakigeukia Kinyaturu. Mama Eliza aligeukia Kinyaturu kila alipotaka kunisema, kisha akasahau katikati na kurudi kwenye Kiswahili, kwa hiyo nilipata nusu ya kila lawama. "…na taulo lake analianika juu ya mboga zangu," nilisikia siku moja. Nikalihamisha taulo. Kesho yake akanipa mlenda bakuli zima, bila kusema kwa nini.

Sasa nieleze kompyuta yenyewe, maana bila hiyo mwaka ule hauna habari. Kulikuwa na programu, za bure, ambazo ziliweza kuigawa kompyuta moja ikawa kompyuta kadhaa. Kioo ni kimoja, waya ni ule ule, lakini ndani yake moja inatunza mafaili ya ofisi, nyingine inapokea barua, nyingine ya majaribio, na moja ikiugua nyingine hazijui. Nilisoma habari hizo nikiwa Mbeya, nikashikwa nazo kama watu wanavyoshikwa na dini. Kwa mashine za dukani sikuwa na uwezo. Nilichokuwa nacho ni bodi ile na prosesa yake, ambayo nilipewa kama ujira na mtu niliyemfanyia kazi, na prosesa hiyo ilikuwa na uwezo wa kufanya mgawo huo. Vingine vyote ilibidi niviokote. Diski ilitoka kwenye mashine iliyokufa ya steshenari moja mjini. Kioo kilikuwa na mstari wa kijani juu hadi chini. Feni niliitoa kwenye redio kubwa ya disko iliyoungua.

Siku moja wakati wa chakula niliwaeleza. Ugali wa mtama ulikuwa katikati, na mzee alikuwa anakula kwa kasi ya mtu anayejenga ukuta kabla ya mvua. "Kwa hiyo," alisema Mama Eliza, "ni moja, lakini inajifanya tatu?"

"Ndiyo, mama."

"Kama huyu wakati wa kula."

Mzee hakuinua kichwa. "Hazitakaa," alisema. "Makundi matatu ya nyuki huwezi kuyaweka kwenye mzinga mmoja. Yanachinjana." Nikacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa ikitokea. Ya kwanza iliwaka, ya pili ikawaka, ya tatu ikianza tu zote zinaganda, kwa sababu vipande vya kumbukumbu nilivyokuwa navyo havikutosha kulisha tatu. Niliwasha na kuzima, kuwasha na kuzima. Yeye alikuwa akipita mlangoni na randa mkononi, ananichungulia. "Yamechinjana?" "Yamechinjana, mzee." Anakwenda zake, ameridhika.

Asiyemjua angedhani anaringa. Lakini mizinga yake mwenyewe, iliyokuwa shambani kwake Mkiwa, ilikuwa mitupu. Majirani walikuwa wameanza kupulizia dawa mazao, na nyuki waliondoka, msimu baada ya msimu hawakurudi. Alikuwa akiwauzia watu mizinga ilhali yake inakaliwa na mijusi, na wanunuzi walilijua hilo. "Mzee Samweli, kinyozi mwenye nywele ndefu," walimtania, naye akawajibu matusi mepesi, kisha akarudi kwenye randa yake.

Basi nikapata simu kutoka Dodoma. Bwana Festo, tuliyejuana Mbeya, alikuwa amefungua ofisi ndogo ya kuhudumia kompyuta za watu. Alitaka fundi. Wenye vyeti walikuwa wamepanga foleni, mimi sina hata kimoja. "Wewe usiniambie kitu," alisema. "Nitapita Singida nikienda Mwanza. Nionyeshe kompyuta moja inaendesha tatu, nizime moja mwenyewe kwa mkono wangu nione mbili zinaendelea. Nikiona, kazi ni yako. Nisipoona, tunabaki marafiki." Hicho ndicho kilichokuwa cheti changu, na kilikuwa kimetandazwa sakafuni juu ya gunia. Singida ni mji wa upepo. Upepo ule unatoka ziwani, unapita uani, unaingia chini ya mlango na mchanga wake, na kila asubuhi nilikuwa nikiipuliza bodi kama mtu anayepuliza uji. Ilihitaji sanduku.

Mzee Samweli alinitengenezea kwa mbao zilezile nilizosafiri nazo kutoka Chunya. Alipima bodi kwa mkono, hakuniuliza kitu, akanipa sanduku zuri kuliko nilivyostahili: kifuniko cha kufunua, kona zimeshikana bila msumari, na upande wa mbele mwanya mwembamba. "Huo wa nini, mzee?" "Wa kupumulia. Si ulisema inapumua?" Nikaingiza pua ndani. Kulikuwa na harufu tamu, nzito. Nikapitisha kidole kwenye ubao kikateleza.

"Mzee, umepaka nta."

"Nimepaka wapi?"

"Humu ndani. Kote."

Akaja akatazama, na nikaona ameshangaa kweli, kwa kitambo kidogo tu. Kisha akakasirika, kama kawaida yake akishangaa. "Ni mkono huo. Mkono hauniulizi. Tangu nianze kazi hii hakuna sanduku lililotoka hapa bila nta. Nta ndiyo inamwambia nyuki karibu. Sanduku lisilo na nta ni la kuzikia watu."

"Lakini hili si la nyuki."

"Basi likwangue! Una kisu."

Nililikwangua, lakini nta ilikuwa imeshaingia kwenye nyuzi za mbao. Nikafunga vifaa vyangu ndani, nikabandika kipande cha pazia mwanyani kuzuia vumbi, na mashine ikafanya kazi. Ilipopata joto chumba chote kilinukia kama siku ya kurina asali. Mama Eliza alisema ni kompyuta ya kwanza aliyotamani kuilamba. Baada ya siku kadhaa joto likazidi, mashine ikawa inazima yenyewe, nikaona pazia linaibania pumzi, nikalitoa. Alizeti zilikuwa zimechanua pande zote za mji. Niliona nyuki mmoja mmoja wanaingia dirishani, wanazunguka, wanatoka. Sikuwatilia maanani. Mimi si mtu wa nyuki.

Siku mbili kabla ya Bwana Festo kufika, umeme ulikatika Utemini nzima. Nikaona niutumie muda huo kwenda mnadani Ikungi, ambako mtu mmoja anayetengeneza redio alikuwa anauza matumbo ya kompyuta kuukuu pamoja na mikanda na tochi. Nikalala huko kwa jamaa, asubuhi nikamchambulia lundo lake lote, na chini kabisa nikakuta vipande viwili vya kumbukumbu vinavyooana na bodi yangu. Nilirudi nimevishika ndani ya mfuko wa shati. Nilipoingia uani, Mama Eliza alikuwa amesimama katikati, amejifunika kanga hadi puani.

"Chunya! Usiingie chumbani kwako. Una wageni."

"Festo amefika?"

"Festo gani! Sikiliza."

Nikasikiliza. Chumba kilikuwa kinavuma kama mashine iliyowashwa, na umeme ulikuwa bado haujarudi. Nilisukuma mlango kidogo. Nyuki walikuwa wamejaa kwenye mwanya wa sanduku, wanaingia na kutoka kwa utaratibu, kama watu waliopewa ofisi mpya. Nilikimbilia jikoni nikachukua kopo la dawa ya mbu. Niligeuka, mlango umezibwa na Mzee Samweli, kofia ya sufu kichwani, na uso wake sikuwa nimewahi kuuona vile. Alikuwa anafanana na mtu aliyerudishiwa kitu.

"Weka hilo chini."

"Mzee, mtu wangu anakuja kesho!"

"Na wangu wamekuja leo. Wamekuja wenyewe. Unajua nimewangoja misimu mingapi? Hakuna atakayewanyunyizia kitu nyumbani kwangu."

"Hiyo ndiyo kazi yangu imo ndani! Sina nyingine. Nta ni yako, si yangu."

"Samweli," Mama Eliza alisema nyuma ya kanga, "kijana anasema kweli. Nta ni yako."

 Mzee akamwambia mkewe kitu kwa Kinyaturu, naye akamjibu kwa Kinyaturu, na safari hii hawakusahau kurudi kwenye Kiswahili. Kisha akanigeukia. "Ukiwatoa nyuki kwenye sanduku kwa haraka, watafia humo humo kwenye madude yako. Hatuwatoi nyuki. Tunaitoa kompyuta. Lakini mimi siijui hiyo kompyuta inatoka vipi, na wewe huwajui nyuki. Utasimama bega kwa bega na mimi, utaniambia nishike wapi. Hutakimbia." Nikamwambia sitakimbia. Sikuwa na uhakika.

Jua lilipopungua nguvu tuliingia. Yeye alibeba kopo lenye kinyesi kikavu cha ng'ombe kilichokuwa kikifuka moshi, na bawa la kuku. Mimi nilibeba bisibisi, akaninyang'anya. Aliinua kifuniko polepole, na kundi lote likanyanyuka nacho likiwa limening'inia chini yake kama kitambaa kizito, pamoja na sega changa, jeupe, lililokuwa limeshafika kwenye feni. Akakiegemeza kifuniko kwenye mizinga miwili aliyokuwa ameiingiza chumbani. Wengine walibaki juu ya bodi, wanatembea. Aliwafagia kwa bawa, mmoja mmoja, kama mtu anayewaomba radhi.

"Sema."

"Waya mweupe, kulia. Usivute kwanza, bonyeza."

"Nibonyeze wapi?"

"Kuna kidole cha plastiki."

"Nimekiona. Kuna nyuki juu yake."

"Sasa?"

"Nasubiri apite."

Tukasubiri apite. Akabonyeza, waya ukatoka. Ukafuata wa diski, ukafuata wa feni. Nilikuwa nikimnong'oneza sikioni, na pumzi yake ilikuwa inanukia tumbaku. Mikono ile mikubwa iliyozoea randa ilishika skrubu ndogo kuliko punje ya uwele, na haikutetemeka.  Nyuki aliniuma kwenye kope la jicho la kushoto. "Hukukimbia," alisema bila kugeuka, "sema inayofuata." Bodi ikatoka nzima. Akanikabidhi kwa mikono miwili, kisha akarudisha kifuniko juu ya sanduku, na nyuki wakashuka ndani yake wote. Sanduku likawa lao.

Umeme ulirudi asubuhi, vile vipande vya Ikungi nikiwa nimeshavichomeka. Bwana Festo alipofika alikuta kompyuta imelala uchi kwenye ungo wa Mama Eliza, waya zimemwagika pembeni kama majani ya kunde, na mimi nina jicho moja. Mzee Samweli alikuwa ameoga, amevaa koti lake la kanisani, amesimama mlangoni kana kwamba ni yeye anayesahihishwa. Niliwasha. Ya kwanza ikaja. Ya pili ikaja. Nilipoamuru ya tatu ianze nilisikia mzee nyuma yangu anakohoa kidogo, na najua alichokuwa anataka kuuliza. Ikachukua muda. Mstari wa kijani ulikatiza kioo chote. Kisha ikaja, na zote tatu zikabaki. Bwana Festo akanyoosha mkono, akazima ya katikati mwenyewe. Mbili zikaendelea kana kwamba hazikuwahi kuwa na mwenzao.

"Sawa," alisema. "Lakini mbona inanukia asali?"

"Ni habari ndefu."

"Na jicho?"

"Ni habari hiyohiyo."

Alicheka, akaniambia nijiandae niende Dodoma mwisho wa mwezi. Alipoondoka mzee aliniuliza, "Hazikuchinjana?" "Hazikuchinjana, mzee." "Amesemaje?" "Amesema niende." "Vizuri," alisema, akaenda kuvua koti, na baada ya hapo nikasikia randa ikikwaruza hadi kiza kikaingia.

Wakati wa kula siku ile nilisema sina njaa, nikabaki chumbani. Nikawasikia.

"Ataondoka," Mama Eliza alisema.

"Aende. Kwani ni mbuzi wangu?"

"Mbuzi wako ungemfunga kamba." Kijiko kiligusa sahani. "Samweli. Ile nta. Ulisahau kweli?"

"Mkono tu ule."

"Mkono wako na mimi tunajuana."

Kisha wakageukia Kinyaturu, na sikupata zaidi ya hapo. Nimelala mbele ya ukuta uleule mwaka huu nikijaribu kusikia jibu. Nilitaka kumuuliza Mama Eliza, yupo bado, haoni vizuri lakini ulimi ni uleule. Aliponiona alinishika uso kwa mikono miwili akasema, "Umezeeka na bado huna kwako." Nikashindwa kuuliza. Alinionyesha kaburi, akaniambia jeneza lilitengenezwa na fundi mwingine, lilipakwa vanishi tu. "Ndivyo alivyotaka," alisema. "Alisema la kuzikia halipakwi nta."

Siku niliyoondoka Singida mwaka ule ilikuwa asubuhi ya upepo kama zote. Mama Eliza alinifungia kuku wa kukaanga kwa mafuta ya alizeti, akaniambia Dodoma watu wanakula vibaya. Mzee alinisindikiza hadi stendi, amebeba kitu kilichofungwa gunia. Sanduku la kwanza alikuwa ameshalipeleka Mkiwa, amelitundika shambani na kundi lake, na wanunuzi walikuwa wameanza kutafuta utani mwingine. Akafungua gunia. Lilikuwa sanduku jipya, la vipimo vilevile, mbao zilezile.

"Hili nimelipangusa tu," alisema. "Ndani halina nta. Hawatakusumbua tena."

"Ahsante, mzee. Nitarudi Pasaka."

"Usiseme utarudi. Nenda." Akarekebisha kofia yake. "Ukiwa na mikono, utashika kitu popote."

Nilipanda basi nikaiweka kompyuta ndani ya sanduku, sanduku mapajani, kama nilivyokuja. Tukapita Ikungi. Mkiwa nilitazama upande wa shamba lake, sikuona mzinga, basi lilikuwa linakwenda kasi. Sikurudi Pasaka ile, wala nyingine. Lakini hilo nilikuwa bado silijui. Jua lilikuwa limehamia upande wangu wa dirisha, linapiga juu ya kifuniko, na muda si mrefu nikaanza kuisikia ile harufu tamu, hafifu kwanza, kisha waziwazi. Nilifungua. Ndani mbao zilikuwa kavu, safi, kama alivyosema. Nikainua kifuniko chote, nikakitazama kwa chini. Kwenye kona moja, mbali na mahali ambapo kifaa chochote kingefika, kulikuwa na nta kidogo iliyobandikwa kwa dole gumba, na alama za dole lile zilikuwa bado zinaonekana.

Konda alikuwa anapita katikati ya viti, akasimama, akanusa hewa. "Nani kabeba asali humu? Ikimwagika mtaifuta wenyewe!"

Abiria wakageuka. Nilishusha kifuniko, nikakibana kwa viganja vyote viwili.

"Si asali," nilimwambia. "Ni kompyuta."